Ya Tatu Imetoka, Binamu

Mpendwa binamu, mtani wangu Sele,

Imetoka. Ile mashine ya tatu ya gemu, uliyoitabiri mpaka ukatuchosha, imetoka huko kwao Japani, na imetoka katikati ya msimu wa korosho kama ulivyosema. Habari nimeisoma juzi kwenye gazeti lililokuja na basi kutoka Lindi, limechelewa siku nne kama kawaida. Nilikuwa ofisini kwa walimu hapa Rutamba. Nikacheka peke yangu kwa sauti, mwalimu mkuu akainua kichwa.

"Kuna nini, mwalimu?"

"Nimeshindwa," nikamwambia.

"Umeshindwa nini?"

Nikatoka, nikazunguka nyuma ya madarasa, nikalia kama mtoto aliyenyimwa muhogo. Jioni nikachukua daftari nikaanza kukuandikia. Najua barua haifiki huko. Ndiyo maana naiacha wazi, ndugu zetu nao waisome, hasa mama yako.

Kuna neno uliloniambia asubuhi moja kibandani kwako, nami nikalijibu kwa utani. Jibu lile ninatembea nalo tangu tulipokuzika, na leo nataka kusema lilivyokuwa. Lakini sitaanza nalo, maana wewe na mimi hatukuwahi kuanza na la maana.

Wasiotujua wasije wakashangaa namna ninavyoongea na marehemu, kwa hiyo niwaeleze. Wewe ni mtoto wa shangazi yangu, mimi ni mtoto wa mjomba wako, na kwetu watoto wa namna hiyo ni watani. Nikisema mbele za watu kwamba uso wako ni wa pweza aliyepigwa jiweni, watu wanacheka na wewe unatakiwa ucheke kuliko wao. Ukikasirika, aliyekosa adabu ni wewe. Ndivyo tulivyolelewa, na tuliutumia uhuru huo mpaka ukaisha rangi.

Nilikuja Kivinje kukaa kwenu baada ya mama yangu kufariki, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Wewe ulikuwa mtu wa kwenda na kurudi Kariakoo. Mitumba, betri, sabuni za kunukia, saa za mkononi. Tangu mambo yawe ruksa, kila kitu kilipatikana kwa mwenye miguu ya kukifuata, na miguu wewe ulikuwa nayo. Siku moja ukarudi bila robota hata moja la mitumba. Umebeba kitu cha kijivu kimefungwa kwenye shuka, na waya zinaning'inia. Mama yako akakitazama kwa muda mrefu.

"Hiki kinapika?"

"Hakipiki, mama."

"Kinashona?"

"Hakishoni."

"Basi umeniletea mgeni wa kula tu."

Ndivyo gemu ilivyoingia Kivinje, au angalau ndivyo ilivyoingia nyumbani kwetu. Ukaweka televisheni ndogo kwenye chumba cha mbele, benchi mbili, jenereta nyuma ya jiko, na sheria moja: aliyefungwa ananyanyuka. Mama yako akaongeza ya kwake: ikiadhiniwa, hakuna mkono juu ya pedi za kuchezea. Nakumbuka ile penalti iliyosimama hewani kuanzia adhana ya alasiri mpaka mliporudi wote kutoka msikitini, miguu bado imelowa udhu. Mkaketi, ukabonyeza, kipa akaudaka mpira. Wapo mpaka leo wanaosema kipa yule alidaka kwa baraka za swala.

Mimi nilikuwa msomaji wako. Wewe uliishia darasa la saba na Kiingereza chako kilikuwa cha "yes" na "no" na jina la timu. Ulikuwa ukiniletea magazeti kutoka Dar, unanitafutia ukurasa wenye picha ya mashine, unauweka juu ya mchele ninaochambua. "Soma hapo, msomi. Wanasema ya pili inatoka lini?" Nikawa nasoma, wewe unasikiliza umefumba macho, halafu unatikisa kichwa. Gazeti halikuwahi kukutosha.

"Hawa hawajui," ulikuwa ukisema. "Mashine ni mama anayenyonyesha."

Nilicheka hadi mchele ukamwagika. Lakini uliieleza vizuri, na mpaka leo sijasikia mtaalamu aliyeieleza vizuri zaidi. Ulisema CD ndizo maziwa. Mashine ikiwa bado inatolewa CD mpya, nzuri, zinagombewa, ujue mtoto bado ananyonya na mama hana haraka ya kuzaa mwingine. Siku ukifika Kariakoo ukaona CD zimemwagwa chini kwenye turubai kama dagaa, hakuna anayezigombea, ujue mtoto anaachishwa ziwa. "Na mtoto akiachishwa ziwa, msomi, wewe hujui kinachofuata? Basi muulize shangazi yako."

Ya pili ilipotoka Japani tulijua, wewe kwa maziwa na mimi kwa gazeti. Lakini Japani kwetu haikuwa habari. Habari ilikuwa ni lini itafika Kivinje, na hapo ndipo utabiri wako ulipokuwa kazi ya kweli. Ukakaa kibarazani unahesabu kwa vidole: itoke kwao iende Dubai, wafanyabiashara waifuate Dubai waifikishe Kariakoo, ikae Kariakoo mpaka wenye nazo waichoke, halafu safari ya kusini. Siku za kusubiri kivuko cha Rufiji ukazihesabu peke yake. Tope la masika ukalihesabu peke yake. Ukachukua chaki, ukaandika mlangoni: VUMBI LA KWANZA BAADA YA MASIKA.

Mimi nikasema kabla ya hapo. Nilisema hivyo kwa sababu wewe ulisema vingine, sikuwa na sababu nyingine. Tukawekeana sharti, na sharti letu halikuwa la fedha, lilikuwa baya kuliko fedha. Atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo kila siku, mwezi mzima, popote watakapokutana. Tulizaliwa msimu mmoja wewe na mimi! Aliyetuzalisha alikuwa bibi mmoja.

Ya pili, ile nyeusi, ikafika. Uliileta mwenyewe, umeifunga kwa kanga za mama yako, ukiwa na tope mpaka kwenye nyusi, na barabarani mbele ya nyumba vumbi la kwanza lilikuwa limeanza siku mbili nyuma. Uliiweka chini, ukavua kofia ukapangusa jasho, ukaweka mkono nyuma ya sikio ukasubiri.

"Shikamoo," nikasema.

"Sijasikia. Safari imeniziba masikio."

"Shikamoo, Sele!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umekua!"

Mwezi ule ulikuwa mrefu kuliko Ramadhani. Ulikuwa unanifuata sokoni makusudi. Nikiwa kwenye samaki, nasikia kikohozi nyuma yangu, nageuka, na wewe umesimama umefunga mikono nyuma kama hakimu. Wauza samaki waliacha kazi wakawa wanasubiri. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne nakuamkia, na wewe unanipa nasaha za ndoa.

Lakini nilikulipa. Mwaka ule daraja la Rufiji lilipofunguliwa, ulitabiri siku itakayofika CD mpya ya mpira, ile ya wachezaji wenye sura zao. Ukahesabu kwa vidole kama kawaida, Dubai, Kariakoo, na siku za kusubiri kivuko. Nilikuona unazihesabu siku za kivuko na nikakaa kimya kabisa, kwa roho mbaya tu. Watu walikuwa wanavuka juu ya daraja, wewe kichwani mwako bado ulikuwa ng'ambo umekalia mzigo unasubiri zamu. CD ikafika wakati kwenye hesabu yako bado iko mtoni. Uliposhtuka ulijipiga kofi la paji la uso, ukasema, "Daraja! Yarabi, nimelisahau daraja!" Ukaniamkia mwezi mzima na hukuniruka hata siku moja. Ulikuwa mtu wa sharti, Sele, hilo hata adui yako angelisema, ila adui hukuwa naye.

Halafu ikaja hesabu ya hii ya tatu. Nilikuwa nimeshamaliza chuo, nimepangiwa Rutamba, nakuja Kivinje likizo. Gazeti lilisema itatoka miezi ambayo kwetu ni masika, na safari hii lilisema kwa kujiamini. Nikakusomea. Ukafumba macho, ukatikisa kichwa.

"Bado ananyonya," ukasema. "Juzi nimetoka Kariakoo. CD za ile nyeusi zinagombewa kama kitoweo cha harusi. Masika hapana. Mimi nasema korosho."

"Kampuni nzima imesema masika."

"Kampuni imezaa mara ngapi? Mimi nimemwona mama yangu akizaa sita." Tukawekeana sharti lile lile la shikamoo.

Likizo ile niliona vitu vingine pia. Niliona umeacha kubeba mizigo, unamlipa mtu abebe, na wewe unatembea nyuma yake polepole. Niliona umeweka mito mitatu kitandani. Viatu vyako ulikuwa umevikanyaga visigino vikawa kama ndala, ukasema ndiyo fasheni ya Dar. Mtu akikuuliza habari ya mwili, unamgeuzia kicheko. Mimi nikawa wa kwanza kukuambia umenenepa miguu kama bibi harusi aliyefungiwa ndani. Ukacheka.

Asubuhi yenyewe ilikuwa Jumamosi. Kwenye kibanda ulichokuwa umehamishia gemu walikuwepo vijana wanne, wawili wanacheza, wawili wanasubiri. Wewe umekaa kwenye kiti chako unapangusa CD kwa pindo la shati, mimi nimekuja kukuletea chai. Ukaichukua, hukuinywa. Ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Binamu, nisindikize Dar. Nimepewa karatasi ya hospitali kubwa. Moyo huu umechoka."

Mimi nikasema, na nilisema kwa sauti ili vijana wasikie:

"Utaachaje kuchoka? Umeutumikisha kwa wake za watu! Sema kweli, unataka kutoroka kabla masika hayajakuaibisha."

Vijana wale waliangua kicheko mpaka mmoja akafungwa bao. Na wewe ukacheka. Ulicheka, ukakohoa, ukanywa chai. Hukuniomba tena. Jumatatu nikarudi Rutamba. Masika yalipoanza nikapigiwa simu kwa mwenye duka hapa, nikaambiwa nije, na kwa sauti ya aliyenipigia sikuuliza kwa nini.

Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani. Watani wako wengine walikuwa wameshaanza kazi yao. Mwajuma, yule wa Miteja, alikuwa amelala mlangoni hataki chungu cha wali kipite mpaka apewe ushuru wa barabara. Mimi nilikuwa kwenye kona nimejifunika kanga gubigubi. Mama yako alinitafuta kwa macho, macho yenyewe yamevimba, akasema:

"Wewe ndiye mtani wake. Mbona umekaa kama mkwe?"

Nikanyanyuka. Nikavaa koti lako na kofia yako, nikachukua vifuu viwili nikavishika kama pedi, nikakaa kwenye kinu. "Toka! Umefungwa, nyanyuka! Wewe nani, unatoka wapi, umeswali?" Nikafumba macho, nikahesabu kwa vidole, Dubai, Kariakoo. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mama yako alicheka, Sele, nadhani ndiyo mara pekee siku ile. Na alipokwisha kucheka akalia vizuri, kilio kile kinachompunguzia mtu mzigo. Najua utani msibani ni kwa ajili hiyo. Sikujutia.

Ila baadaye, watu wakiwa wanaongea chini chini, mwanamke mmoja akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wengine wakaitikia. Hapo sikuweza kunyamaza. Nikasema, "Hakuficha. Aliniambia mimi. Aliniomba nimsindikize Dar, nikadhani ananitania."

Mama yako akanivuta, akaweka kichwa changu pajani pake, akasema, "Mtani hana kosa, mwanangu. Maneno ya watani hayana mwenyewe." Wote wakasema ndivyo, hana kosa, nani angejua, na Sele naye alikuwa na mizaha. Nikapewa maji nikanywa. Tangu siku ile, kila anayeniuliza namjibu hivyo hivyo: nilidhani ni utani. Na kila mtu anakubali, kwa sababu wote wanatujua. Mila yetu imenisamehe kabla sijaomba.

Nimekaa na msamaha ule mwezi baada ya mwezi, na haunitoshi, kwa sababu nimeuchukua kwa uongo.

Shangazi, ukisomewa hapa, niwie radhi. Sele, sikudhani ni utani. Nilikuona. Ulipokuwa unasema maneno yale mkono wako wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa meza, kucha zimekuwa nyeupe. Hukunitazama kwa jicho lile unalolitumia ukinichokoza. Na hukuniita msomi, wala pweza, wala mke mwenza wa shetani. Uliniita binamu. Nilijua saa ile ile, kabla hujamaliza kusema, na nikawahi kutania ili wewe usimalize.

Kwa nini, unajua mwenyewe. Mimi nilishawahi kumsindikiza mtu Dar. Mama yangu aliniambia maneno kama yale, nikafunga nguo zetu kwenye mkoba mmoja, tukaenda. Nilirudi na mkoba, na mama yuko nyuma ya gari amefunikwa. Uliponiomba, nilikiona kila kitu upya, mpaka harufu ya korido ile ya hospitali. Nikajiambia nikitania, na wewe ukicheka, basi mambo yako sawa. Na wewe ulicheka, kwa sababu mtani akitaniwa hana ruhusa ya kukasirika. Niliitumia mila yetu kukufunga mdomo ukiwa mgonjwa.

Kila nikifika hapo nakumbuka siku ile ya mama. Ulitoka Kivinje kwa miguu yako na magari ya watu, ukanipokea mtoni, upande wetu, gari lilipotoka kwenye kivuko. Nilijitayarisha kwa mzaha wako. Kwa kweli nilikuwa nauogopa, maana ni wajibu wako na hakuna ambaye angekulaumu. Hukunitania. Ulipanda nyuma, ukakaa karibu na mama, ukaushika mkoba wangu kwenye magoti yako mpaka Miteja, kwetu. Njia nzima hukusema neno hata moja. Siku ile uliuweka utani chini kwa ajili yangu. Ilipofika zamu yangu, sikuuweka.

Labda hospitali kubwa isingekusaidia. Watu wananiambia hivyo, na inawezekana ni kweli. Lakini hukuniomba nikuponye. Uliniomba nikusindikize, na kusindikiza ni kitu ambacho ningeweza.

Basi hiyo ndiyo barua yenyewe, Sele, mengine yote yalikuwa mapambo. Nakupenda, jambo ambalo hatukuwahi kuambiana kwa sababu tungechekana wiki nzima. Mungu akufanyie wepesi huko uliko, akupe pumzi ya kutosha bila mito. Mtani haombi radhi, ndiyo maana leo sikuombi kama mtani. Nilikusikia, binamu. Nilikusikia vizuri. Nisamehe.

Ndugu yako,
mtoto wa mjomba.